Mtungi Uliokwenda Kisarawe

Kama kuna mtu aliyewahi kugombana na pumzi zake mwenyewe, basi ni Mzee Kibwana wa Vihingo. Moshi wa tanuri za mkaa ulimmaliza mapafu, wanawe wakamleta kwenye makao ya wazee pale Tangini. Siku ya kwanza tu akamwona Evaline, muuguzi, anakuja na mipira ya oksijeni ya kumwekea puani. Akamzuia mkono.

"Binti, hiyo sivai. Kila niliyemwona kawekewa hiyo, tumemzika."

Wala hakusema uongo. Sisi mgonjwa tunamkimbiza hospitali akiwa ameshakata kauli, akiwekewa oksijeni akafa, tunasema oksijeni imemuua. Evaline alimwelewa. Kila asubuhi alimwamkia, akambembeleza, akakataliwa, akaandika kwenye kadi yake: amekataa. Mwisho akachoka. Akajiwekea mipira yeye mwenyewe, akakaa pembeni ya kitanda cha mzee akimenya chungwa. Mzee akamtazama weee, mpaka chungwa likaisha.

"Hujafa?"

"Bado, babu."

"Haya, lete."

Toka hapo nani angemvua! Akapata usingizi, akapata na maneno. Ile mashine iliyosukuma oksijeni kwenye mipira akaiita mke wake wa umeme, asiyeomba hata khanga.

Alhamisi moja mchana umeme ukakatika, mashine ikanyamaza. Evaline hakuhangaika, maana stoo kulikuwa na mtungi wa oksijeni uliojaa, uliowekwa kwa siku kama hiyo. Akafungua stoo. Mtungi haupo.

"Umeenda Kisarawe," alisema Castory, msimamizi wa makao. "Mama wa mfadhili wetu anaumwa, wanataka ukae karibu naye."

"Na babu je? Hata gari la kumpeleka hospitali silioni."

"Gari ndilo limeupeleka. Umeme utarudi sasa hivi, sista, acha presha."

Mwenye nguvu mpishe, ndivyo tulivyofundishwa, hata kwenye hewa! Bajaji iliyoitwa ilipofika, Mzee Kibwana alikuwa ameshaondoka. Alikufa kamshika Evaline mkono, midomo imebadilika rangi, akirudia neno lile lile: "Lete. Lete."

Evaline akaandika kwenye kadi mambo yalivyokuwa: umeme ulikatika, mtungi haukuwepo. Castory akaisoma, akaichana.

"Andika amekataa. Si ulikuwa unaandika hivyo kila siku? Nani atashangaa?"

Evaline akaiweka kalamu mezani. "Kalamu hiyo hapo, bosi. Andika mwenyewe."

Na kweli, aliandika, kwenye kadi mpya.

Asubuhi Zuleha, binti wa marehemu, alikuja kuchukua mwili wakazike Vihingo. Castory akamsomea kadi kwa sauti ya msibani. Zuleha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akamgeukia Evaline.

"Mtusamehe, dada. Baba alikuwa mbishi toka zamani. Mungu awalipe kwa mlivyomvumilia."

Kabla Evaline hajafungua mdomo, gari la makao likaingia kutoka Kisarawe. Dereva akashuka, akateremsha mtungi, mdomo wake bado umezibwa na plastiki yake.

"Haujafunguliwa, bosi," alisema. "Yule mama kakataa katakata. Anasema anayewekewa hiyo haponi."

Castory akatazama chini. Zuleha akautazama mtungi, akawatazama Castory na Evaline.

"Mtungi gani huo?"

"Wa baba yako," alisema Evaline.