Mteja Aliyerudisha Maua ya Mbao

Mtu akikwambia mizuka hutoka usiku tu, mjibu kwamba hajawahi kufanya biashara. Wa kwangu alikuja saa tano asubuhi, jua linawaka, akangoja zamu yake kama wateja wengine, tena akaja na malalamiko. Najua utacheka. Cheka umalize, kisha unisikilize, maana haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Gisenyi, miaka ya tisini ikielekea ukingoni na mji ndio kwanza unaanza kuchangamka tena.

Nilikuwa natengeneza maua ya mbao. Kaka yangu ni seremala, na randa yake ilikuwa inamwaga chini maranda membamba, marefu, yaliyojikunja yenyewe. Yeye aliyaona takataka za kuwashia jiko. Mimi niliyaloweka kwenye maji ya moto mpaka yalainike, nikayaviringisha kidoleni moja moja, nikayafunga uzi na kuyaacha yakauke. Yakishakauka yanabaki na umbo hilo hilo miaka na miaka. Hakuna mti uliokatwa kwa ajili yake, ua halitaki maji, na wala hulitupi baada ya siku tatu. Unapangusa vumbi tu. Kwa hiyo kila mteja nilimwambia, "Ua hili halifi." Nililipenda neno hilo, nikalisema asubuhi na jioni bila kulifikiria.

Kulikuwa na Madamu mmoja mwenye hoteli kando ya ziwa, ambaye alikuwa anapima kama aweke maua yangu katika vyumba vyote. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa kubaki au kuondoka. Nilikulia Bukoba, nikarudi na mama yangu mzee, na kazi ile isiposhika tulikuwa tunafunga mizigo upya kurudi huko. Mama alikuwa ameshaapa kwamba basi la safari ndefu hapandi tena, labda abebwe.

Basi, katikati ya mahangaiko hayo, akaja yule mteja. Mama wa makamo, kitenge safi, pindo limelowa maji. Alinunua fungu moja, akashukuru, akaenda zake. Siku ya soko iliyofuata huyo amerudi, maua mkononi yamelegea kama sukuma wiki iliyopikwa.

"Dada, maua yako imekufa," akasema. "Uliniambia haiwezi kufa."

Nikayapokea. Yalikuwa na uvuguvugu, kama mkate uliotoka kuokwa. Nikajua yameingia maji, nikamweleza kwa upole asiyaloweshe, nikambadilishia, na yale yaliyolegea akaondoka nayo. Siku ya soko nyingine, amerudi. Nikambadilishia tena. Akarudi tena. Ungefanyaje wewe? Hakupiga kelele, hakutukana, alisimama tu mlangoni na lile fungu lake lililolala, akiniambia neno langu mwenyewe. Ilifika mahali nikiona kitenge chake kwa mbali kichwa kinaniuma.

Kisha akachagua siku ya kuniharibia kabisa. Madamu wa hoteli yumo dukani, ameshika ua, anatabasamu, na huyo hapo mlangoni: "Dada, imekufa tena." Madamu akageuka, akayagusa yale yaliyolegea, akafuta vidole vyake.

"Bon, haya," akasema. "Nitapita siku ingine."

Niamini, nililia kwa hasira. Nikafunga duka, nikachukua fungu jipya kabisa, nikamwambia yule mama, "Leo tunaenda kwako. Nataka nione kwa macho yangu unayafanyia nini."

"Twende," akasema. Hata hakushangaa.

Tulipanda basi dogo la Rubona. Nikamlipia na yeye, niyamalize, lakini konda akanirudishia nusu. "Mama, lipa ya kwako tu. Uko peke yako." Nikamwambia kama hajui kuhesabu abiria akatafute kazi nyingine. Abiria wakanitazama. Yule mama alikuwa ameketi kando yangu, ametulia, bega lake linanichoma joto. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikutaka kufikiria jambo lingine lolote.

Kutoka Rubona tulitembea kando ya ziwa mpaka Nyamyumba, pale penye chemchemi za maji moto. Watu walikuwa wanaoga, wengine wameweka miguu tu. Tukawapita. Nyuma ya migomba palikuwa na nyumba ya matofali yenye mlango wa buluu. Nisikilize vizuri hapa: niliuona ule mlango, niliusukuma kwa mkono wangu huu.

Ndani palikuwa pamefagiliwa. Meza ilikuwa imepangwa sahani, nyingi mno kwa mtu mmoja, na katikati jagi limejaa maji yanayofuka mvuke, na ndani ya maji yameinama maua yangu.

"Nani alikwambia maua ya mbao yanatiwa maji?" nikafoka. "Tena ya moto? Maji ya moto ndiyo yanayolegeza maranda, mama. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyoyakunja." Nikamwaga maji dirishani, nikalikausha jagi kwa kitenge changu, nikaweka lile fungu jipya. "Sasa kaa hapo utazame. Likifa hili, mimi naacha kazi."

Tukakaa, tukatazama. Ua moja likajikunjua, likalala. Kisha la pili. Yakaendelea hivyo, polepole, juu ya jagi kavu, mbele ya macho yangu.

"Hapa kila kitu inakufaka," akasema. "Batoto, bwana yangu, hata kuku. Nilisema moja tu inibakilie."

Nilimhurumia sana. Na bado nilikuwa na hasira naye, sitakudanganya. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie ahame nyumba hii yenye joto, nikasikia viatu vyangu vinaungua.

"We mama, toka mu maji! Unaoga na viatu?"

Nilikuwa nimesimama ndani ya chemchemi, pale maji yanapotoka makali, yamenifika magotini. Hapakuwa na meza, wala mlango, wala mtu. Mwanaume mmoja aliyekuwa anakanda goti lake alinivuta nje kwa mkono, huku akinikaripia. Chini, kwenye mawe, maua yangu yalikuwa yamelala, lile fungu jipya pamoja na yale ya kwenye jagi.

"Kumbe ni wewe unatupaka hii takataka hapa," akasema. "Kila juma tunaisafisha. Tumechoka."

Nikamwomba radhi, nikachechemea kwenda kutafuta basi.

Madamu alipita baada ya siku chache, nikiwa nimefunga miguu vitambaa. "Yule mama aliridhika?" akauliza. Maana yake na yeye alimwona. Hilo ndilo lililonitia baridi kuliko yote. Nikamwambia ameridhika. Akaagiza maua ya vyumba vyote, na mama yangu hajapanda basi mpaka leo. Mguu wangu wa kushoto una kovu, nikikutana nawe nitakuonyesha.

Lakini tangu hapo, katika kila fungu ninalotengeneza, ua moja halikauki. Nilianike juani, nilining'inize juu ya mkaa, linabaki laini na vuguvugu. Mwanzoni nililitupa kwenye moto wa jiko, na asubuhi fungu zima likawa limelegea. Sasa nimejifunza. Nalifunga kwenye gazeti, nachukua basi la Rubona, natembea mpaka kwenye chemchemi, huku nikinung'unika njia nzima, maana nina kazi za kufanya. Naliweka juu ya jiwe na kumwambia, "Mama, hili ni la juma hili. Likifa, nitaleta lingine." Na mafungu mengine hayanisumbui tena.

Kwa hiyo na wewe, ukiuza kitu, uwe fundi wa namna yoyote, sema kitadumu. Sema ni kigumu, sema utakirekebisha. Usimwambie mtu kwamba hakifi. Hujui ametoka nyumba gani.