Kiti cha Mama

Mama aliteremshwa kwenye ndege akiwa ameshafunga mkanda. Mimi na baba tulikuwa chini, tunamtazama anavyoshuka ngazi huku ameshika tumbo.

Jana mwanangu alikuwa anapaka viatu dawa, harufu ile ikanirudisha pale uwanjani Shinyanga. Baba alipakia mizigo kwenye kampuni ya ndege, na mke wa mfanyakazi alipanda bure kama kiti kimebaki. Masharti yake: viatu ving'ae, usibishe, usionyeshe unaumwa. Asubuhi ile baba alimpaka mama viatu dawa kwa mkono wake.

"Ukiguna tu, wanakuacha," akamwambia.

Mama alikuwa anawahi kupasuliwa Dar. Akasubiri anatabasamu, jasho linamtoka. Abiria wenye tiketi wakaisha, kiti kikabaki, akaitwa.

Ndipo likaingia gari la mnunuzi wa dhahabu wa Geita. Akanong'ona na msimamizi wa baba kazini, Baba Kulwa, ambaye alipanda hadi mlangoni mwa ndege.

"Mayu," akamwita mama kwa Kisukuma, "shuka. Cha bure hakigombewi."

"Mama, ningekupakata," yule mnunuzi akacheka, "ila rubani atanuna."

Mama hakubisha. Baba naye hakubisha. Ndege iliyofuata ilitukuta msibani.

Baba Kulwa, upo hapa hapa mtaani kwetu Kambarage, na shikamoo yangu unaiitikia kila siku. Leo nijibu mbele ya watu: yule mtu alikuwa na tiketi?