Taa Iliyowaka Mikononi mwa Wani

Siku yangu ya kwanza kazini Juba, katika hoteli moja ya mtaa wa Thongpiny, msimamizi wa ufundi, Mganda mwenye sauti nzito, alinipeleka moja kwa moja kwenye bwawa la kuogelea. "Wewe fundi ya Kenya, sikia," akasema. "Fyuzi iko kwa mufuko yako kwanza, halafu maji. Na mutu akishikwa na stima ndani, hapana ruka. Mutakufa wawili."

Ninyi vijana mna simu za kuwafundisha kila kitu; sisi tulifundishwa kwa kutishwa. Taa ya bwawa hukaa ndani ya ukuta, chini ya maji, na mpira wake wa kuziba maji ukichakaa, maji hupenya. Inafaa ilishwe umeme mdogo kupitia transfoma. Zetu zilikula umeme mzima wa jenereta, na kila nilipopiga magoti pale ukingoni nilipapasa kwanza fyuzi mfukoni.

Adhuhuri moja taa ilikataa kuwaka. Nilichomoa fyuzi, nikaitia mfukoni, nikapima kwa testa: hakuna kitu. Mwenzangu Wani, mzaliwa wa Rejaf karibu na Juba, akaingia kwenye maji ya kifuani kuitoa.

Ng'ambo ya ukuta jenereta ya jirani ikakohoa, ikashika. Taa ikawaka mikononi mwa Wani.

"Kahraba fi moya!" alipiga kelele kwa Kiarabu cha Juba, yaani umeme majini. Kisha meno yake yakafungana, vidole vikakataa kuiachia.

Dizeli yetu ilipoadimika, meneja alikuwa ameazima umeme kwa jirani, kama Juba nzima ilivyozoea, na waya wa jirani uliungwa baada ya fyuzi yetu, upande wa taa, kwa hiyo kuchomoa fyuzi hakukuukata. Hakuna aliyetuambia. Ndipo nikauona, umevuka ukuta, plagi yake kwenye soketi kando ya chumba cha pampu. Mwili wote ulitaka kuruka majini. Nikakimbilia ukutani. Nikaing'oa plagi, kisha nikaogopa kugeuka, maana bwawani kulikuwa kimya.

Halafu nikamsikia akikohoa.

Sasa nimestaafu. Wani ana duka la vipuri Gumbo, ng'ambo ya mto, na juzi nilivuka daraja kwenda kumuaga kabla ya kurudi Kenya. Nilimwuliza anakumbuka nini cha siku ile. Nakiri nilitarajia shukrani.

"Si stima, mzee," akasema. "Nakumbuka ukinigeuzia mgongo. Nilijua umeniacha nife."

Nilimshika mkono.