Taa Mbili za Kijani

Chuo chetu cha Kitengela kilipozindua seva mbili, tulikodi hema. Mashine mbili zinazokaa kwenye kachumba karibu na choo cha wafanyakazi, na bado zilitafutiwa hema, viti mia na pasta wa kuziombea. Mkuu wa chuo alizifunga utepe mwekundu kama maharusi. Akatangaza kwamba tovuti yetu haitazima tena, maana seva moja ikianguka, nyingine itabeba kazi yake papo hapo na hakuna mwanafunzi atakayejua. Watu wakapiga makofi. Wanaosubiri pilau hupigia chochote makofi.

Fundi wa maajabu hayo nilikuwa mimi. Mbele ya seva niliweka programu ya kugawa kazi. Ukifungua tovuti, inakutuma kwa hii. Mwenzako inamtuma kwa ile. Kila baada ya sekunde chache inaziuliza zote mbili, "Uko hai?" Inayojibu inawashiwa taa ya kijani kwenye skrini yangu, na isiyojibu haipelekewi watu.

Siku ya hema mkuu alitaka tuwaonyeshe wageni. "Zima moja waone," akasema kwa sauti, kisha akaninong'oneza, "Lakini si ile iko na kazi. Tusiaibike." Basi nikazima ile ambayo nilikuwa nimeiondolea watu wote tangu asubuhi. Tovuti haikutikisika. Ingetikisika vipi? Ni sawa na kumfukuza mfanyakazi aliye likizo, halafu ushangae ofisi inaendelea. Baada ya pilau nikaweka sahihi kwenye ripoti: seva zimejaribiwa, zinapokezana kazi bila shida.

Aliyenicheka alikuwa mmoja tu, mama anayeniletea maziwa kutoka upande wa Isinya. Yeye huyaonja kwanza mbele ya mteja, kwenye kifuniko cha mtungi, kwa sababu mjini hapa wapo wanaouza maji yaliyomwona ng'ombe kwa mbali. Alinikuta nikijisifu mbele ya skrini.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimu kwa Kimaasai, yaani habari, mama.

"Iko," akaitikia. "Hizo taa ni za nini, mwalimu?" Kwake kila mtu wa chuo ni mwalimu. Nikamweleza. Akafikiri kidogo.

"Unauliza tu kama iko hai? Niko na ng'ombe moja iko hai mwaka mzima na haina maziwa. Mimi siulizi. Mimi nakamua."

Nikacheka kicheko cha mtu aliyesoma. Nikamwambia ng'ombe ni ng'ombe na kompyuta ni kompyuta.

Miezi michache baadaye ikafika Ijumaa ya mwisho ya kuomba nafasi za uuguzi. Saa kumi na moja jioni fomu ingejifunga yenyewe. Saa nane mama yule alikuja bila mtungi, akiwa na binti yake. Binti alikuwa na alama za kutosha, na ng'ombe wawili walikuwa wameshauzwa soko la Bisil kwa ajili yake.

"Mwalimu, hii kitu inazunguka tu tangu asubuhi."

Nikatazama skrini. Taa mbili, zote kijani. "Mfumo uko sawa, yeyo. Ni simu yenu ina shida. Tembeeni kidogo mtafute network." Hata sikuinuka kwenye kiti. Wakaenda kutafuta network.

Kufikia saa kumi na nusu watu waliokuwa wakipiga simu kulalamika walikuwa wengi mno, na mimi nilikuwa nimemwambia kila mmoja neno lile lile. Ndipo nikaifungua fomu mwenyewe. Ukurasa wa kwanza ukaja. Wa pili ukazunguka. Seva moja ilikuwa imejaa tangu asubuhi, haiwezi kuandika hata herufi moja, lakini ikiulizwa kama iko hai inajibu upesi kwamba iko. Nayo programu yangu, kwa utiifu wake wa kipumbavu, iliendelea kuipelekea watu, na aliyejaribu tena ilimrudisha huko huko. Nikaiondoa kwa mkono. Ile nzima ikapokea peke yake umati mkubwa namna ile kwa mara ya kwanza maishani mwake, ikazidiwa, ikabidi niizime na kuiwasha upya. Tovuti ilirudi saa kumi na moja na dakika saba. Fomu ilikuwa imeshajifunga kwa wakati. Siku hiyo nzima, hicho ndicho kitu pekee kilichofanya kazi.

Nilienda kwa mkuu kumwomba aifungue siku moja zaidi.

"Naweza fungua," akasema, "lakini bodi itataka sababu. Andika ile jaribio ilikuwa ya uongo, weka sahihi, nitapeleka." Akanisogezea ripoti yangu. Sahihi ilikuwa pale chini, kubwa, imepigiwa mstari kama ya waziri.

Nilikuwa na maneno mengi kuhusu hema lake na utepe wake. Sikuandika hata moja. Nikajiambia nina watoto na nyumba ya kupanga, kana kwamba Kitengela hii kuna asiye navyo.

Sasa yule binti anafunga maua kwenye shamba moja huko Isinya, akingoja mwaka ujao. Mama yake aliniuliza mara moja tu shida ilikuwa nini siku ile.

"Network, yeyo," nikasema.

"Pole na kazi, mwalimu," akanijibu.

Seva nilizirekebisha. Siku hizi programu haiulizi nani yuko hai. Kila dakika inajaza fomu ya mfano kwenye kila seva, ione kama kweli inaandika. Mkuu huwaambia wageni kwamba hilo ni wazo lake. Namdharau sana mtu yule, na kumdharau kunanipa nafuu kila asubuhi, mpaka saa mbili mama wa maziwa anapofika. Anamimina kidogo kwenye kifuniko, anaonja huku akinitazama.

"Iko sawa, mwalimu," anasema, kisha ananijazia.