Miche yangu imenadiwa kanisani, ikarudi na mimi nyumbani

Jamani, leo nimezawadiwa sadaka yangu mwenyewe.

Nilisia pakiti nzima ya mbegu za nyanya nikijua zitaota nusu tu.

Zikaota zote!

Bustani yangu hapa Ngaramtoni imejaa, na bado miche sitini ikabaki kitaluni. Baba Neema akasema, "Ng'oa utupe."

Nitupe kitu kilichohangaika kuota? Thubutu!

Asubuhi nikaipanga kwenye beseni na udongo wake, nikaipeleka kwenye mnada wa baada ya ibada. Ikanadiwa pamoja na ndizi na kuku. Mama mmoja wa kwaya akapandisha bei mpaka wenzake wakanyamaza. Nikapiga vigelegele.

Kumbe hajamaliza.

"Hii namzawadia Mama Neema, kwa moyo wake wa kutoa!"

Mama Neema ni mimi.

Kanisa zima makofi. Nikapokea beseni langu, nikasema asante. Ningesema nini?

Baba Neema kalibeba hadi nyumbani, anacheka njia nzima.

Acha acheke. Hakuna mche utakaokufa hapa. Kesho napita nyumba kwa nyumba, miche mitatu mitatu, na sipokei shukrani ya aina yoyote.

Jirani, ukisikia hodi, toka na jembe.