Nilivyowafuta Akina Kambale wa Kayna

Ndugu wasomaji, kosa ni langu. Siitupii lawama mashine, wala mtandao, wala barabara. Nimelikana kwa muda mrefu, maana mtu aliyesoma kama mimi si rahisi atamke "nilikosea" mbele za watu. Leo natamka, mradi jina langu lisitajwe.

Nitasema tu kwamba kwa mama yangu mimi ni mtoto wa pili wa kiume. Wale wa kwetu, Butembo, Beni na Lubero yote, wameshaanza kucheka. Kwetu jina halichaguliwi, linafuata foleni ya kuzaliwa. Kijana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na foleni inaendelea. Basi naitwa Kambale. Umeshalijua jina langu na bado hujajua kitu, kwa sababu ukisimama sokoni Butembo ukaita "Kambale", nusu ya soko itageuka.

Likumbuke hilo. Mimi ndiye niliyelisahau.

Nilirudi kutoka Kampala na diploma ya informatiki, yaani elimu ya kompyuta. Sikuipata kwa mjomba wala kwa mbunge. Niliosha magari, nilibeba magunia, nikasoma kwa jasho langu mwenyewe, na darasani ni wawili tu walionishinda, mmoja wao kwa bahati. Diploma hiyo niliitia kwenye fremu ya kioo nikaitundika sebuleni kwetu, hapa mtaa wa Vulamba, mbele ya kiti kimoja ambacho ukikikalia huwezi kuikwepa. Mgeni akikosea akakaa kiti kingine, nilimwomba ahamie kile.

Ndani ya diploma hiyo mlikuwa na wazo. Nilitengeneza aplikesheni ya simu. Mkulima anaandika alichonacho, mnunuzi anaandika anachotaka, wanakutana, na katikati hakuna mtu. Niliiita Moja kwa Moja. Ilikuwa nzuri. Hata leo, nikiwa nimeinamisha kichwa hivi, nasema ilikuwa nzuri.

Siku ya kuizindua nilikodi ukumbi wa parokia. Nilivaa koti. Nikasema maneno ambayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo: "Mkulima ni ng'ombe wetu. Komisioneri ni kupe. Anakaa katikati, halimi, hali chakula alichokipika, ananenepa tu. Leo kupe anabanduliwa!"

Watu walipiga makofi. Aliyepiga kuliko wote alikuwa mstari wa mbele, na kitenge kipya alichoshonewa kwa ajili ya siku hiyo: Tante Masika, dada mkubwa wa marehemu baba. Nilimsikia akimwambia jirani yake kwa Kiswahili cha kwetu, ambapo "njo" ni ndiye au ndiyo, "Ule njo mutoto wetu."

Sasa, Tante Masika kazi yake ni ipi? Miaka yote niliyomfahamu, Tante anapanda kwenda Kayna, ananunua kabichi kwa wakulima, anazipakia kwenye lori, anazishusha Beni kwa wateja wake. Nilikuwa nalijua hilo. Nililijua kama ninavyojua kwamba nina visigino. Sikuwa nimelitazama.

Watu walipotoka, alinijia polepole.

"Papa," aliniita, kama anavyomwita kila mtoto wa kiume anayempenda, "ule komisioneri ulikuwa unasema, njo nani?"

"Ni mtu anayesimama kati ya mkulima na mnunuzi, Tante."

"Kama nani?"

Hapo diploma haikunisaidia. Nikasema, "Kama… watu."

Akakunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua. "Lakini hata miye nasimamaka pale katikati."

"Tante, wewe ni tofauti."

"Tofauti namna gani? Niko kupe kubwa ao kupe kidogo?"

Nikacheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Wiki ile hakupanda Kayna, wala wiki iliyofuata. Wakulima walipompigia aliwajibu, "Muulize mashine ya mutoto wangu, njo itakuja." Mama Jeanne wa Bungulu, kule Beni, anayepika kwenye harusi na ambaye ni mteja wake tangu mimi sijavaa suruali ndefu, naye alijibiwa hivyo hivyo. Mwanamke ambaye hakuwahi kuonekana nyumbani mchana sasa alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Mimi nilisema moyoni: atazoea.

Nikapanda Kayna mwenyewe kuandikisha wakulima. Wakati huo barabara ilikuwa bado inapitika. Kwenye simu, ukiacha orodha ya mazao, kulikuwa na visanduku vitatu tu: jina, kijiji, namba. Mwalimu wangu Kampala alikuwa akisifu ufupi, na mimi kwa ufupi nilikuwa hodari. Akaja mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, akataja jina lake, nikaandika "Kambale". Akabaki amesimama.

"Njo imeisha? Kambale tu?"

"Imeisha, mzee."

"Mutu hapana kuwa Kambale tu, papa. Hauulize wa kwa nani? Wa wapi?"

"Mashine inajua," nilimjibu.

Akamtazama mwenzake aliyemfuata kwenye mstari. Yule naye alikuwa Kambale. Wakanishukuru wote wawili. Watu wetu wana adabu kwa mtu mwenye koti.

Nilirudi Butembo na majina mengi. Usiku huohuo? Hapana, nilikuwa nimechoka. Ilikuwa kesho yake asubuhi, baada ya chai, ndipo nilipofanya dhambi yenyewe. Nilifungua orodha nikaona "Kambale, Kayna" imejirudia, na kujirudia, na kujirudia. Nikatikisa kichwa. Nikasema, tazama simu hii, nimebonyeza mara moja, yenyewe imeandika mara kumi na moja.

Ndugu zangu, mimi naitwa Kambale. Baba yangu mdogo ni Kambale. Darasa langu la msingi lilikuwa na Kambale sita, na mwalimu alituita kwa madawati yetu. Na bado nilikunywa chai yangu, nikabonyeza mahali palipoandikwa "ondoa marudio", nikawafanya watu kumi na mmoja kuwa mtu mmoja. Majina yakafutika. Namba zao za simu hazikufutika. Zote zilirundikana chini ya Kambale mmoja, kama kuku chini ya kapu.

Akina Paluku na Kasereka niliwafanyia vilevile. Wao walipona kwa sababu hakuna aliyewaagiza kitu.

Oda ya kwanza ya Moja kwa Moja ilitoka kwa Mama Jeanne. Alikuwa na harusi Jumamosi na Tante alikuwa amemfungia mlango, kwa hiyo alimpa binti yake simu, wakaagiza kabichi, magunia matatu. Mashine ikamchagua mkulima mwenye kabichi nyingi kuliko wote Kayna. Unamjua ni nani. Ujumbe ukaondoka: "Kambale, magunia yako matatu yanasubiriwa Bungulu Ijumaa." Ukaingia kwenye simu kumi na moja.

Nikamwonyesha kila mtu. Hata padri nilimwonyesha.

Kumbe kule Kayna kila Kambale alipoupata ujumbe aliuficha, mwenzake asije akamnyang'anya mteja. Siku ya safari walikutana wote juu ya lori moja. Walinisimulia baadaye. Mmoja alisema anakwenda kusalimia ukweni. Mwingine, anakwenda kwa dokta wa meno. "Na magunia matatu ya shu?" aliulizwa, shu ndiyo kabichi kwa lugha yetu ya sokoni. Akajibu dokta wake anapenda shu. Wakasafiri hivyo mpaka Beni, kila mmoja amekalia siri yake.

Ijumaa saa nane mchana nilipigiwa simu.

"Ingenieri," alisema Mama Jeanne kwa sauti ya upole sana, na mwanamke wa kwetu akiongea kwa upole namna ile, vaa viatu. "Niliomba Kambale moja."

"Ndiyo, Mama."

"Njo uje uchague yako."

Nilichukua pikipiki mpaka Beni. Nilipofika Bungulu sikuhitaji kuuliza nyumba. Magunia yalikuwa yameziba lango, mbuzi wa jirani alikuwa ameshaanza kula, na juu ya magunia waliketi wanaume kumi na mmoja wenye hasira, simu mkononi.

"Kambale njo miye," alisema wa kwanza, akinionyesha ujumbe.

"Na miye niko nani? Soma hapa. Kambale."

"Ule ni mwizi wa majina!"

"Mwizi? Baba yangu alinipa hii jina weye ungali haujazaliwa."

"Kimya," alisema Mama Jeanne. Akamgeukia dereva wa lori, ambaye alikuwa amesimama pembeni akitaka nauli ya magunia yote aliyobeba. "Weye dereva, hebu kuwa shahidi. Unaitwa nani?"

Dereva akatazama chini. "Kambale, Mama."

Akanigeukia mimi. "Na hii Ingenieri ya Kampala, jina ya kwabo ni nani?"

Wote walijua. Kicheko kilianzia kwa yule binti yake, kikapita kwa dereva, kikafika juu ya magunia. "Moja kwa Moja," alisema Mama Jeanne akijifuta macho. "Hii ni Kumi na Moja kwa Moja."

Lakini jua la Beni halichezi na kabichi. Kicheko kilipoisha, mzee wa kofia ya sufu alishuka kwenye gunia lake, akasimama mbele yangu. Hakunitukana. Alisema tu, "Papa, hii njo shamba yangu yote. Nilikata hata zile zilikuwa hazijafunga vizuri, sababu uliniambia wananingojea."

Nilitazama magunia. Yalikuwa thelathini na tatu, mnunuzi wa matatu. Nilijua kanuni zote za mashine, sikumjua hata mtu mmoja Beni anayekula kabichi. Nikatoa simu. Nikampigia Tante.

Aliitika mara ya kwanza, kama aliyekuwa ameishika.

"Tante, nina shida."

"Nasikia. Iko inapiga kelele nyuma yako. Na kupe ikufanyie nini?"

Nikaweka simu isikike kwa wote. Si kwa ushujaa. Mama Jeanne aliniambia niweke. Nikasema, mbele ya akina Kambale kumi na wawili na mbuzi, kwamba komisioneri si kupe, kwamba niliyasema yale kwa kiburi, na kwamba nauli yangu ya kwanza ya Kampala, wakati ninyi wasomaji nimewaambia hapo juu kwamba nilisoma kwa jasho langu, ilitoka kwenye kabichi za Tante Masika. Mlidhani ningelificha hilo mpaka mwisho. Nilikusudia.

Tante akaamuru: "Bon, sawa. Kila mutu aseme jina yake."

"Kambale," alisema wa kwanza.

"Weye uko Kambale ya Kinu, unakaa nyuma ya mashine ya kusaga. Shu yako iko nguvu kama jiwe, njo Mama Jeanne anapendaka. Mupe zako tatu. Mwingine."

"Kambale, Tante."

"Kambale ya Ngazi. Nguo yako ya kanisa ulirudisha kwa shemeji? Rudisha. Shu yako peleka kwa masista, kwenye internat, kule batoto ya masomo wanalalaka. Ijumaa wanapikia batoto mingi. Sema ni Masika anakutuma. Mwingine. Nani anakohoa? Ah, Mzee ya Kofia. Shikamoo, Mzee. Yako hazijafunga, najua hata bila kuona, ulikata mbio. Ngoja, kuko mama moja anapikaka shu laini kwa batu ya hospitali…"

Aliwapitia wote. Hakuuliza jina la kijiji, hakuuliza namba. Aliwajua kwa sauti, kwa udongo, kwa tabia ya kuweka ndogo chini na kubwa juu. Kabla ya jioni lango la Mama Jeanne lilikuwa limefunguka. Yalibaki magunia mawili ambayo hata Tante hakuyapatia mtu. Nikayachukua mimi. Tulikula kabichi Vulamba mpaka wageni wakaacha kuja, na kile kiti cha mbele ya diploma kikapata vumbi.

Moja kwa Moja bado ipo. Nimeongeza kisanduku, "wa kwa nani?", na oda ikiingia, simu inayolia kwanza ni ya Tante. Yeye anasema huyu, siyo yule. Kwa hiyo mtu wa kati nilifaulu kumwondoa: zamani alisimama mmoja, sasa tumesimama wawili, na mimi ndiye mdogo.

Basi nakuonya wewe unayerudi na diploma yako, iwe ya Kampala, ya Kinshasa au ya Ulaya. Kabla hujambandua mtu mahali pake, muulize anafanya nini hapo siku nzima. Na mzee akikuuliza "wa kwa nani?", weka simu chini umsikilize, hata kama umevaa koti.

Lililobaki ni aibu ndogo. Siku ile, alipomaliza na wale kumi na mmoja, Tante aliuliza, "Na weye wa mwisho, uko Kambale gani?" Akanibatiza jina yeye mwenyewe. Wote wakaangua kicheko, na kabla lori halijarudi Kayna jina lilikuwa limefika Butembo. Kambale nimewaambieni bure. Hilo lingine silitaji, maana ukilitaja kwenye kituo chochote cha pikipiki Butembo, watakuleta mpaka mlangoni kwangu.