Chumvi ya Majivu

Wakati wa vita, njia zote za kuingia Kindu zilipofungwa na treni ikaacha kuja, kilichotutoka kwanza ni chumvi. Sabuni ikafuata. Dawa ya meno mimi sikuihesabu. Nilikuwa nimeacha shule mapema, nimefuata reli kwa miguu kutoka Kibombo, nikivuta tumbaku ya majani njia nzima. Kinywa changu kilikuwa cha kula, kuvuta na kuuliza maswali. Sikujua kwamba kinaweza kuninyima mtu.

Aliyenijulisha ni binti mmoja aliyetwanga mihogo kwenye ua nilipopewa pa kulala. Alipenda hadithi zangu za njiani. Lakini kila niliposogea, naye alisogea, hadi asubuhi moja mgongo wake ukagusa ukuta.

"Kaka, simama palepale," alisema. "Hadithi zako iko mazuri. Ile upepo inazileta njo mubaya."

Nikacheka, yeye hakucheka.

"Sasa nifanye nini?"

"Uliza koko. Mimi siwezi kubusu moshi."

Koko alikuwa bibi yake, mzee aliyepasua mbegu za mchikichi kwa meno yake mwenyewe. Yote alikuwa nayo. Nilikuwa nimekaa siku nyingi nikiyatazama nikidhani ni bahati.

Siku hiyo nilimkuta akitengeneza chumvi. Alikuwa ameanika majani yanayoota kando ya Lualaba, akayachoma, akaweka majivu katika kikapu kilichotandikwa majani ya mgomba, na sasa alimimina maji juu yake polepole. Chini yalidondoka maji ya rangi ya chai. Aliyachemsha mpaka yakakauka, na kwenye sufuria ikabaki chumvi ya kijivu. Niliionja kwa ncha ya kidole na mwili ukanisisimka. Mto, moto na majivu, halafu chumvi! Nchi nzima inapigana, na huyu mama anaitoa chumvi kwenye majani.

"Hii njo unaosha nayo meno, koko?"

"Kidogo sana, na kijiti. Ngoja nikuonyeshe kesho."

Sikungoja. Nilifikiri kama chumvi imetoka kwenye majivu, basi majivu yenyewe yana nguvu zaidi. Alipoenda kusali nikachota konzi kutoka kwenye rundo la majivu lisilopitishwa maji, nikasugua meno, fizi, hata ndani ya mashavu, kwa bidii ya mtu anayependa.

Yaliniunguza kama pilipili iliyochanganywa na makaa. Midomo ilivimba. Siku tatu sikuweza kusema neno, mimi niliyekuwa na maneno tu. Binti aliniletea uji uliopoa, akaketi karibu kuliko wakati wowote.

"Kumbe akinyamaza iko muzuri," alimwambia koko, nao wakacheka hadi nikacheka kwa macho.

Midomo iliponywea, koko aliniketisha kwenye kigoda. Alitafuna ncha ya kijiti mpaka ikawa brashi, akanipa changu nami nitafune. Kisha akapasua ukuti wa mchikichi, akalainisha ukingo wake, akaukunja.

"Toa ulimi. Meno unaosha, ulimi unaacha? Harufu inalala pale."

Nilikwangua. Kilichotoka sitakielezea. Nilikitazama kwa mshangao: nilitembea na kitu kile kutoka Kibombo! Tumbaku niliiacha siku hiyo. Maji nilianza kunywa kila niamkapo.

Baada ya wiki moja binti aliweka mchi chini.

"Fungua," alisema. Akanusa kama anavyonusa unga uliokaa. Nilikaza macho. Nilikuwa nimepita mbele ya askari njiani bila kuogopa vile.

Kisha akanibusu. Midomo yake ilikuwa na chumvi ileile ya koko, hafifu, yenye moshi kidogo, na nikashangaa kwamba mto ule niliokuwa nikiutazama kila siku umefika hapa.

Leo dawa za meno za kila rangi zimejaa vibandani, nasi tunazitumia. Koko alizikwa na meno yake. Mimi bado situlii; mwezi huu nimeshakwenda Pangi mara mbili. Lakini ukuti wangu wa ulimi hubaki umechomekwa ukutani, juu ya ndoo ya maji, na nikirudi, kabla sijavua viatu wala kuanza hadithi, mke wangu husimama mlangoni.

"Fungua," husema.

Na mpaka leo nafungua.